Sura ya Tano: Dhiki Humfikiaje Mtoto?

Kiwanda kikifungwa, kina baba wawili wa mtaa mmoja hurudi nyumbani na barua za kuachishwa kazi. Mishahara yao ilikuwa sawa, kodi zao za nyumba zinakaribiana, watoto wao wanasoma shule moja. Miaka michache baadaye nyumba ya kwanza imeshikamana: watoto wanaendelea na masomo, wazazi wanasikilizana, madeni yanalipwa kidogo kidogo. Nyumba ya pili imesambaratika. Mama amerudi kwao, mtoto wa kwanza ameacha shule, na wa mwisho hazungumzi na baba yake. Majirani huuliza swali ambalo karibu kila mtu amewahi kuliuliza: pigo lilikuwa moja, mbona majeraha hayafanani?

Majibu yanayotolewa mara nyingi ni mawili. Wapo wanaosema kwamba umaskini wenyewe ndio unaoharibu: fedha ikikatika, kila kitu hukatika, na anayenusurika amenusurika kwa bahati. Wengine husema kwamba yote ni tabia: mwenye moyo thabiti hasombwi na shida, na aliyeanguka alikuwa na ufa tangu mwanzo. Jibu la kwanza linaifanya familia kuwa chombo kisicho na uwezo wowote. La pili linamtwika mtu mmoja mzigo wa mambo yaliyoamuliwa mbali na nyumba yake. Yote mawili yanaacha katikati bila kuangaliwa, yaani yale yanayotokea ndani ya nyumba kati ya siku mshahara ulipokoma na siku mtoto alipobadilika.

Hapo katikati ndipo mwanasosholojia mmoja wa Marekani, Glen Elder, alipoelekeza kazi yake kwa zaidi ya nusu karne. Mwanasosholojia ni mtaalamu anayechunguza jinsi watu wanavyoishi pamoja na jinsi jamii inavyoyaunda maisha yao. Hoja ya sura hii, iliyojengwa juu ya ushahidi wake na wa waliomfuata, ni kwamba dhiki ya fedha humfikia mtoto hasa kwa kupitia watu anaoishi nao. Hubadilisha kwanza namna wazazi wanavyosemezana na wanavyomtazama mtoto wao, na mabadiliko hayo ndiyo yanayobaki naye hata baada ya fedha kurudi. Hoja hii ikikubalika, inabadilisha namna tunavyowahukumu walioanguka na namna tunavyowasaidia.

Mafaili yaliyokuwa yakisubiri swali

Mwaka 1962 Elder, aliyekuwa amemaliza shahada ya uzamivu mwaka mmoja tu nyuma, alifika Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Huko alikuta kumbukumbu za watoto waliokuwa wakifuatiliwa tangu miaka ya 1930. Utafiti wa kufuatilia ni ule unaorudi kwa watu walewale mwaka baada ya mwaka, badala ya kuwahoji mara moja na kuwaacha. Harold Jones na Herbert Stolz walikuwa wameuanzisha katika mji wa Oakland ili kujua jinsi mwili na akili ya mtoto vinavyokua kuelekea utu uzima. Walikuwa na watoto 167, wote wazaliwa wa 1920 na 1921. Waliwapima, wakawatazama wakicheza na wenzao, wakawahoji mama zao, wakawapa maswali ya kujaza. Watafiti hao hawakuwa na nia ya kuchunguza uchumi.

Lakini uchumi uliingia wenyewe. Oktoba 1929 soko la hisa la New York liliporomoka, na Marekani ikaingia katika Mdororo Mkuu, kipindi cha biashara kufa, benki kufilisika na viwanda kufunga milango. Kufikia 1933 takriban mtu mmoja kati ya kila wanne wenye uwezo wa kufanya kazi hakuwa na kazi. Katika familia za watoto wa Oakland, mapato ya wastani yalishuka kwa karibu asilimia 40 kati ya 1929 na 1933. Watafiti waliokuwa wakipima urefu na kufuatilia makuzi ya watoto walikuwa pia, bila kukusudia, wanarekodi familia zikipigwa na tufani ya kiuchumi.

Elder aliligeuza swali. Desturi ya wakati ule ilikuwa kumchukua mtu mzima mwenye matatizo na kurudi nyuma kutafuta chanzo utotoni. Yeye alianza na tukio lenyewe, yaani hasara ya kipato, akaenda nalo mbele: liliingiaje nyumbani, likabadilisha nini, na mtoto akawa mtu wa namna gani miaka 30 baadaye? Kwa kuwa gharama za maisha nazo zilikuwa zimeshuka kwa takriban robo, alihesabu kwamba familia iliyopoteza asilimia 35 ya mapato au zaidi ndiyo iliyoumia kweli. Kisha akazilinganisha familia zilizoumia na ambazo hazikuumia sana, ndani ya tabaka moja. Tabaka hapa ni kiwango cha maisha cha familia kabla ya mdororo: wenye kazi za ofisi, taaluma na biashara upande mmoja, wafanyakazi wa mikono upande wa pili. Hivyo hakuchanganya umaskini wa siku zote na hasara ya ghafla. Matokeo aliyachapisha mwaka 1974 katika kitabu chake kuhusu watoto wa Mdororo Mkuu, na kitabu hicho kikawa msingi wa uwanja mzima wa utafiti wa familia.

Milango mitatu ya dhiki

Alichokiona Elder ni kwamba hasara ya kipato iliingia nyumbani kwa njia tatu:

1. Kazi za nyumbani ziliongezeka. Vitu vilivyokuwa vikinunuliwa vilianza kutengenezwa nyumbani, na huduma zilizolipiwa zikafanywa na wenyewe. Mama alipotoka kutafuta kipato, wasichana walishika jiko, usafi na wadogo zao. Wavulana walitafuta vibarua vya kulipwa nje.
2. Mamlaka yalihama. Baba aliyekuwa mleta riziki alipungua heshima, hata machoni pa watoto wake, na mama akawa mwamuzi wa mambo mengi zaidi.
3. Mivutano ilizidi. Aibu mbele ya majirani, hofu ya kesho na ugomvi wa fedha viliifanya hewa ya nyumba kuwa nzito.

Orodha hii inaonyesha kwamba hasara moja ilizaa mambo yanayovutana. Mlango wa kwanza, kwa vijana wengi, haukuleta madhara tu. Mvulana wa miaka 13 aliyepata vibarua aligundua kwamba anahitajika, na wengi wa wavulana hao walitambua mapema kazi wanayoitaka maishani. Wasichana walikomaa haraka katika shughuli za nyumba, na baadaye wakaipa familia nafasi kubwa katika maisha yao. Mtoto anayepewa jukumu linaloendana na umri wake, na anayeona matunda ya jukumu hilo, hupata kitu ambacho starehe haimpi. Milango ya pili na ya tatu ndiyo iliyojeruhi, kwa sababu iligusa jinsi watu wa nyumba moja wanavyotendeana.

Elder alipowatazama watoto hao wakiwa watu wazima, hakukuta kizazi kilichopotea. Wengi waliotoka katika familia za tabaka la kati zilizopata hasara walikuwa na afya ya akili na maisha ya kazi yasiyopungua ya wenzao ambao hawakuguswa. Waliotoka katika familia za wafanyakazi wa mikono zilizopata hasara walibeba alama zaidi, maana walianza na akiba ndogo na masomo machache. Kwa hiyo dhiki haikuwa hukumu ya maisha, lakini pia haikumpiga kila mtu kwa uzito sawa.

Hasira iliyosafiri

Swali lililobaki lilikuwa hili: hasara ilimfikia mtoto kwa mkono wa nani hasa? Mwaka 1985 Elder na wenzake, akiwemo Avshalom Caspi, walirudi kwenye kumbukumbu hizo na kufuatilia mwenendo wa wazazi. Kiungo muhimu kilikuwa baba. Wanaume waliopoteza kipato walikuwa wepesi wa kukasirika, wakali bila mpangilio, na wenye kuadhibu leo kosa walilolipuuza jana. Wake zao pia walihangaika, lakini mwenendo wao kwa watoto haukubadilika kwa kiwango hicho. Katika Marekani ya miaka ile, thamani ya mwanamume ilipimwa kwa mshahara wake, na aliyeupoteza aliona amepoteza haki ya kusikilizwa nyumbani kwake. Hasira ikawa njia mbovu ya kuidai haki hiyo.

Ukali huo ndio ulioonekana baadaye katika tabia za watoto: milipuko ya hasira, woga, kukataa kuongozwa. Pale ambapo baba hakugeuka kuwa mkali, hasara ya fedha peke yake ilieleza machache sana kuhusu tabia ya mtoto. Na pale ambapo mtoto alikuwa na uhusiano wa karibu na mama yake, ukali wa baba ulipungua makali. Watafiti waliona pia jambo la kusikitisha zaidi: si watoto wote wa nyumba moja waliopokea kiasi kilekile. Yule ambaye tangu udogoni alikuwa msumbufu au mgumu kutulizwa ndiye aliyeangukiwa mara nyingi zaidi na hasira ya mzazi. Dhiki ilimchagua mtoto ambaye tayari alihitaji subira kuliko wenzake.

Hasira hiyo haikuishia utotoni. Katika uchunguzi uliochapishwa mwaka 1987, Caspi, Elder na mwanasaikolojia Daryl Bem waliwafuatilia wavulana waliokuwa na milipuko mikali ya hasira walipokuwa na umri wa miaka minane hadi kumi. Walipofikia utu uzima, wengi wao walikuwa wameshuka katika ngazi za kazi kuliko baba zao, na ndoa zao zilivunjika zaidi. Hivyo hasira iliyoamshwa na mdororo wa uchumi ingeweza kusafiri kutoka kwa baba kwenda kwa mtoto, na kutoka kwa mtoto huyo kwenda kwenye ndoa yake, miongo kadhaa baada ya uchumi wenyewe kupona.

*Kwa muhtasari: Hasara ya kipato ilibadilisha kazi, mamlaka na hewa ya nyumba. Majukumu yaliyoongezeka yaliwakomaza vijana wengi. Madhara makubwa yalipitia katika ukali wa mzazi, na yalipungua pale mtoto alipokuwa na mtu mzima wa kumshika.*

Umri wa mtoto siku pigo lilipofika

Hadi hapa mtu angeweza kuhitimisha kwamba watoto wengi huvuka dhiki salama. Elder alikuwa na bahati ya kuwa na kundi la pili lililomzuia kuhitimisha haraka. Mtafiti Jean Macfarlane alikuwa ameanza mwaka 1928 kuwafuatilia watoto wa mji jirani wa Berkeley, waliozaliwa 1928 na 1929. Watoto wa Oakland walikuwa na miaka minane au tisa uchumi ulipoanguka, na waliipitia dhiki wakiwa wakubwa kiasi cha kuelewa na kusaidia. Watoto wa Berkeley walikuwa wachanga. Walikaa ndani ya nyumba zenye mivutano katika umri ambao mtoto hawezi kutoka, hawezi kuchangia, na hawezi kujieleza.

Tofauti ilikuwa kubwa, na ilikuwa kubwa zaidi kwa wavulana. Wavulana wa Berkeley waliotoka katika nyumba zilizopata hasara walifika ujana wakiwa na matumaini madogo, wasiojiamini, na nyuma katika masomo. Wasichana wa kundi hilohilo walikaribiana zaidi na mama zao, na ukaribu huo ukawalinda. Hapa tena tunaona kwamba kilichoamua ni uhusiano: baba alipopoteza nafasi yake, mvulana mdogo alipoteza mtu wa kumfuata, ilhali msichana mdogo alibaki na mama aliyepanda hadhi.

Hata hivyo maisha hayakuishia hapo. Wengi wa vijana hao wa kiume waliingia jeshini baada ya shule, na Elder aligundua kwamba kwa waliotoka katika nyumba zilizoumia, jeshi mara nyingi lilikuwa mwanzo mpya. Liliwatoa katika mazingira yaliyowabana, likawacheleweshea ndoa na majukumu, likawapa muda wa kujipima. Kisha ile sheria ya mwaka 1944 ya kuwalipia masomo askari wanaorejea, pamoja na misaada ya aina hiyo iliyofuata, iliwafungulia wengi vyuo. Katika umri wa kati, pengo kati yao na wenzao lilikuwa limepungua sana. Vita vingine na majeshi mengine yamewavunja vijana badala ya kuwajenga, kwa hiyo somo halimo katika jeshi lenyewe. Limo katika nafasi ya pili iliyokuja wakati mtu bado anaweza kuitumia, ikiambatana na watu wapya wa kutegemea.

Mawazo matano yaliyobadilisha uwanja

Kutokana na ulinganisho huo Elder alijenga namna ya kufikiri inayoitwa mkondo wa maisha: kumtazama mtu kama safari inayoendelea, ndani ya historia, pamoja na watu wengine. Nguzo zake ni tano:

- Mtu huendelea kubadilika maisha yote. Utoto ni mwanzo wa safari tu.
- Mtu huchagua na kutenda, ingawa huchagua kati ya njia zilizopo.
- Wakati na mahali alipozaliwa huunda maisha yake.
- Tukio lilelile huacha alama tofauti kulingana na umri linapomkuta mtu.
- Maisha ya watu wa karibu yamefungamana. Linalompata mmoja humfikia mwingine.

Kabla ya hapo, wataalamu wengi waliizungumzia familia kana kwamba ni picha iliyotulia: baba ana kazi hii, mama ana kazi ile, watoto wanafunzwa. Baada ya Elder ikawa vigumu kuandika kuhusu ndoa, malezi au uzee bila kuuliza ni lini, katika umri gani, na nani mwingine aliguswa. Nguzo ya tano ndiyo iliyobeba hoja ya sura hii, na ndiyo iliyopata jaribio jipya katika mashamba ya Iowa.

Iowa: mnyororo unaonekana kwa macho

Katika miaka ya 1980 wakulima wa katikati ya Marekani walikumbwa na msiba wao. Walikuwa wamekopa fedha kununua ardhi ilipokuwa ghali. Riba ikapanda, bei ya mazao ikashuka, na thamani ya ardhi ya Iowa ikaporomoka kwa zaidi ya nusu. Familia zilizolima shamba moja kwa vizazi ziliona benki ikilichukua. Elder aliungana na Rand Conger, na mwaka 1989 wakaanza kuzifuatilia familia 451 za vijijini, kila moja ikiwa na baba, mama, mtoto wa darasa la saba na ndugu yake wa umri wa karibu. Safari hii hawakutegemea mafaili ya watu wengine. Walizirekodi kwa video familia zikizungumza nyumbani, zikijadili jambo linalowatatiza, kisha wakachunguza maneno, sauti na sura zao.

Walichokipata kilikuwa mnyororo wenye hatua zinazofuatana:

1. Kipato kinashuka na madeni yanaongezeka.
2. Shinikizo linakuwa la kila siku: bili isiyolipika, ununuzi unaoahirishwa, kitu kinachouzwa.
3. Mzazi anavunjika moyo, analala vibaya, anakata tamaa.
4. Mke na mume wanaanza kurushiana maneno, au wananyamaziana.
5. Malezi yanaharibika: ukali, kutosikiliza, kutofuatilia mtoto yuko wapi.
6. Mtoto anaonyesha dalili: huzuni, utukutu, kushuka darasani.

Wahenga walisema fahali wawili wakipigana ziumiazo ni nyasi. Utafiti wa Iowa uliongeza kile ambacho methali haikukieleza: fahali walianza kupigana kwa sababu gani, na ni wapi mtu angeweza kuingia kati. Maana kila hatua ya mnyororo huu ilikuwa pia mahali pa kuukata. Wenzi waliosikilizana katika kutatua matatizo hawakuruhusu shinikizo la fedha ligeuke kuwa uadui. Wazazi waliovunjika moyo lakini wakaungwa mkono na wenzi wao waliendelea kuwa walezi wema. Katika kitabu cha mwaka 2000 kuhusu watoto wa ardhi hiyo, Elder na Conger walionyesha kwamba vijana wengi wa familia za wakulima walifaulu vizuri shuleni na katika jamii licha ya msiba. Walifanya kazi bega kwa bega na wazazi wao, mabibi na mababu walikuwa karibu, na familia zao zilishiriki kwa dhati katika shule na makanisa ya vijiji vyao.

*Kwa muhtasari: Kati ya deni na mtoto kuna hatua kadhaa, na zote zimo ndani ya mahusiano. Kila hatua inaweza kuzuiwa isizae inayofuata.*

Pingamizi tatu

Pingamizi la kwanza ni la haki: hawa wote ni Wamarekani, karibu wote weupe, na waliofuatiliwa Iowa walikuwa na wazazi wote wawili nyumbani. Kwa nini tuyakubali mahitimisho yao kwingineko? Jibu ni kwamba mnyororo umejaribiwa mbali na hapo. Mwanasaikolojia Vonnie McLoyd aliutumia mwaka 1990 kueleza hali ya watoto weusi wa Marekani katika umaskini. Mwaka 2002 Conger na wenzake waliukuta katika familia za Wamarekani weusi za Georgia na Iowa, ambako mlezi mwenza wakati mwingine alikuwa bibi au ndugu mwingine. Watafiti wa Finland waliuona katika familia zilizopitia mdororo wa nchi yao miaka ya 1990. Hata hivyo nguzo ya Elder kuhusu wakati na mahali inatuonya tusibebe kila undani. Katika sehemu nyingi za Afrika Mashariki mtoto analelewa na shangazi, na bibi, au na kaka mkubwa anayetuma fedha kutoka mjini. Huko mnyororo una pete nyingi zaidi. Kuna watu wengi zaidi wanaoweza kupitisha hasira, na pia watu wengi zaidi wanaoweza kuizuia.

Pingamizi la pili linasema: huenda wanaume wakali walikuwa wakali tangu awali, na ukali huohuo ndio uliowafanya wapoteze kazi. Hapa ndipo kumbukumbu za Berkeley zilipokuwa na thamani ya pekee, kwa sababu zilianza kabla ya soko kuporomoka. Jeffrey Liker na Elder, katika makala ya mwaka 1983, waliweza kuwatazama wanaume walewale kabla na baada. Ni kweli kwamba waliokuwa na wasiwasi na hasira kabla ya hasara walizidi kuwa hivyo baada yake. Lakini hasara yenyewe iliongeza ugumu wa tabia zao na mivutano ya ndoa zao, na ndoa zilizokuwa imara tangu awali zilistahimili zaidi. Tabia ya awali ilikuwa na sehemu yake, lakini haikutosha kueleza yaliyotokea.

Pingamizi la tatu ndilo zito kuliko yote. Ukisema madhara hupitia katika mahusiano, je, humwambii maskini kwamba tatizo lake ni kutojua kuishi na mkewe? Je, hoja hii haiwapi watawala kisingizio cha kutoa mahubiri badala ya mkate? Ushahidi wenyewe unakataa tafsiri hiyo. Katika miaka ya 1990 Wacherokee wa Mashariki, jamii ya wenyeji wa asili wa Marekani huko North Carolina, walifungua kasino katika ardhi yao, na sehemu ya faida ikagawiwa kwa wanajamii wote. Timu iliyoongozwa na Jane Costello ilikuwa tayari inafuatilia afya ya akili ya watoto wa eneo hilo. Katika matokeo yaliyochapishwa mwaka 2003, watoto ambao familia zao zilitoka katika umaskini kwa sababu ya fedha hizo walipungua utukutu na ukaidi hadi kuwa sawa na ambao hawakuwahi kuwa maskini. Watafiti walipotafuta sababu, walikuta kwamba wazazi walikuwa wamepata nafasi ya kuwafuatilia watoto wao.

Matokeo yanayokaribiana na hayo yalipatikana Rarieda, Kaunti ya Siaya, magharibi mwa Kenya. Kati ya 2011 na 2013 shirika la GiveDirectly lilizipa familia maskini fedha taslimu bila masharti, nao watafiti wakalinganisha waliopewa na ambao hawakupewa. Waliopewa walikuwa na utulivu zaidi wa nafsi. Kipigo kati ya mume na mke kilipungua, awe aliyepewa fedha ni mwanamke au mwanamume. Mwanamke alipopewa, ukatili wa kingono nao ulipungua. Hakuna aliyehubiriwa hapo. Fedha iliondoa shinikizo, na uhusiano ukapata nafuu. Kwa hiyo kusema kwamba dhiki hupitia katika mahusiano ni kutoa sababu mpya ya kuondoa dhiki: kila shilingi inayomfikia mzazi aliyebanwa inagusa pia namna anavyomjibu mtoto wake.

Hoja hii inatudai nini?

Kwa mzazi, inadai kutenganisha pigo na mtu. Kupoteza kipato hakumwondolei baba wala mama nafasi yake, na mtoto anahitaji kuliona hilo zaidi anavyohitaji kufichwa ukweli. Anaweza kuambiwa kwamba fedha zimepungua na kupewa jukumu analoliweza. Asichoweza kukibeba ni adhabu isiyo na kosa. Mtoto mgumu kutulizwa ndiye wa kulindwa kwanza, kwa kuwa hasira humfuata yeye.

Kwa ndugu na majirani, inadai kwamba msaada usiishie kwenye unga na ada. Mtu mzima mmoja aliye karibu na mtoto, mwenye kumsikiliza kwa uthabiti, hufanya kazi ambayo ushahidi wa Oakland ulimwonyesha mama akiifanya. Shangazi, babu au mwalimu anaweza kuifanya pia. Na mwanamume aliyeachishwa kazi anahitaji wenzake waendelee kumwita, kumshirikisha na kumheshimu, kwa sababu heshima anayoipata nje hupunguza ile anayoidai kwa ukali ndani.

Kwa wenye kupanga sera, inadai hesabu kamili zaidi. Kiwanda kinapofungwa, takwimu huhesabu ajira zilizopotea na kuishia hapo. Elder ametuonyesha kwamba hasara huendelea ndani ya nyumba kwa miaka, na kwamba watoto wadogo kabisa, wasioonekana katika orodha yoyote ya waajiriwa, ndio wanaoweza kuilipa kwa muda mrefu zaidi. Ametuonyesha pia kwamba nafasi ya pili ikija mapema, kwa masomo, kwa kazi au kwa fedha mkononi, deni hilo linaweza kufutwa. Kwa hiyo mpango wa kuwasaidia walioachishwa kazi ambao haumwangalii mtoto wa miaka mitatu ni mpango ulioishia njiani, na nchi itaugharamia mtoto huyo atakapofika umri wa kuajiriwa na kuoa.